Lita Iliyobeba Serikali

Tarehe 3 Juni 2018, Rais Uhuru Kenyatta alisimama Lokichar, kusini mwa Turkana, akayaruhusu malori ya kwanza yaliyobeba mafuta ghafi ya Kenya kuanza safari. Mombasa ilikuwa zaidi ya kilomita elfu moja mbele yao. Mafuta ya Lokichar yana nta nyingi na yakipoa huganda, kwa hiyo yalisafirishwa katika matangi maalumu ya kuhifadhi joto. Yalipelekwa Changamwe, kwenye matangi ya kiwanda cha kusafisha mafuta, ila kiwanda chenyewe kilikuwa kimezimwa tangu Septemba 2013. Kwa nusu karne kilikuwa kimesafisha mafuta ya watu wengine, na siku ya Kenya kuleta yake mwenyewe ikakikuta baridi. Mafuta yakakaa pale yakisubiri meli ya kuyapeleka ng'ambo.

Kiwanda hicho kilikuwa cha Shell na BP. Waliisajili kampuni ya East African Oil Refineries mwaka 1960, na mitambo ikaanza kazi 1963, mwaka ule ule wa uhuru. Walikusudia kuliuzia eneo zima, ingawa haukupita muda Tanzania ikajipatia kiwanda chake, TIPER, pale Kigamboni mwaka 1966 kwa ubia na Waitaliano. Mnamo 1971 serikali ya Kenya ilichukua nusu ya hisa za Changamwe. Enzi hizo taifa changa lilitaka kuwa na shirika la ndege, benki kuu, kiwanda cha saruji na kiwanda cha mafuta, na si vigumu kuelewa kwa nini. Lakini kila pipa lililoingia Changamwe lilitoka Ghuba kwa meli, na bei yake ilipangwa na watu ambao hawakuhitaji kujua Changamwe iko wapi.

Hilo lilidhihirika kuanzia Oktoba 1973. Katika miezi michache pipa lilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu dola 12. Kenya iliponea kidogo mwaka 1976 na 1977, baada ya barafu kuharibu mibuni ya Brazil na bei ya kahawa kuruka. Ahueni hiyo haikudumu. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran yalipandisha bei mara ya pili, na safari hii hapakuwa na kahawa ya kuiokoa bajeti.

Katikati ya mitikisiko hiyo miwili Kenya yenyewe iligundua kwamba mafuta yanaweza kuwa silaha mkononi mwa asiyekuwa na kisima. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda. Julai mwaka huo makomando wa Israeli walivamia uwanja wa Entebbe kuwaokoa mateka, na ndege zao zikapitia Nairobi kujaza mafuta. Amin aliwageuzia hasira Wakenya waliokuwa Uganda, na wengi wakauawa. Jibu la Nairobi halikuhitaji risasi. Kenya ilidai bidhaa zinazopita kwenda Uganda zilipiwe kwa shilingi ya Kenya, malori ya mafuta yakasimama, na Kampala ikaanza kuishiwa petroli. Kufikia Agosti Amin alikuwa amekubali kutia sahihi maafikiano. Uganda haikulisahau somo hilo, na tutakutana nalo tena.

Kenya nayo ilitafuta njia ya kujikomboa, na jaribio lake la kipekee zaidi lilitoka katika mashamba ya miwa. Molasi, ule urojo mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, huchachushwa ikatoa ethanoli, na ethanoli huchanganywa na petroli. Hesabu ya karatasini ilikuwa tamu: wakulima wa Nyanza na Magharibi walishe viwanda, viwanda viendeshe magari ya Nairobi, na dola zibaki nyumbani. Huko Muhoroni mpango ulifika mbali. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food kilianza kutoa ethanoli mapema miaka ya 1980, na kwa takriban miaka kumi madereva wa Nairobi walijaza petroli yenye asilimia 10 ya miwa, wengi wao bila kuwa na habari. Kampuni za mafuta hazikuupenda mchanganyiko huo, kwa sababu bei iliyowekwa na serikali haikuwaachia faida ya kutosha. Mpango ulikufa 1993.

Ndugu yake wa Kisumu hata hakuzaliwa vizuri. Kiwanda cha molasi cha Kisumu kilianzishwa 1977, gharama zikapanda mwaka baada ya mwaka, na ujenzi ukasimama kabla hakijatoa chochote, huku deni likibaki kwa mlipa ushuru. Mwaka 1990 jina la mradi huo liliingia katika kisa cha damu. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje na mbunge kutoka Kisumu, alikutwa ameuawa karibu na kilima cha Got Alila mwezi Februari. John Troon, mpelelezi wa Scotland Yard aliyeitwa kuchunguza, aliutaja mradi wa molasi miongoni mwa mambo aliyoona huenda yalisababisha mauaji hayo. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Kwa Wakenya wa rika fulani, neno molasi halileti picha ya sukari wala ya petroli.

Kujitegemea kwa kweli kulikuja kimya kimya kutoka ardhini, Olkaria, karibu na Naivasha. Mwaka 1981 mvuke wa chini ya ardhi ulianza kuzalisha umeme huko, wa kwanza wa aina yake kwa kiwango cha kibiashara barani Afrika, na leo ndicho chanzo kikubwa zaidi cha umeme wa Kenya. Ila matatu haikutumia umeme, wala lori, wala koroboi ya kijijini. Usafiri na taa ya maskini vilibaki mikononi mwa meli za Ghuba.

Miaka ya 1990 ilileta jambo lingine, ambalo halikupata hotuba kubwa. Bunge lilipitisha sheria ya ushuru wa kukarabati barabara mwaka 1993, ukusanywe kwa kila lita ya petroli na dizeli. Oktoba 1994 serikali, ikisukumwa na wafadhili, iliacha kupanga bei ya mafuta na kuliachia soko. Mambo haya mawili yakisomwa pamoja yanaeleza mengi. Serikali ilikuwa imejitoa kwenye lawama ya bei, lakini ikajichimbia shimo dogo ndani ya bei hiyo hiyo. Na ushuru wa mafuta ni ushuru wa ajabu kwa utamu wake: hauhitaji mkaguzi wa vitabu wala kumfukuza mfanyabiashara wa soko la Gikomba, unakatwa boharini kabla lori halijatoka, na anayeulipa hauoni popote kwenye risiti. Sijui waziri wa fedha hata mmoja aliyeuonja akaacha.

Changamwe nayo ilikuwa ikibebwa na bei hiyo. Mitambo yake ilikuwa ya zamani, na kutoka kila pipa ilitoa mafuta mazito mengi mno na petroli kidogo kuliko viwanda vipya vya Ghuba na India. Ili kiwanda kisife, kanuni ziliwalazimisha waagizaji kusafishia sehemu ya mafuta yao humo, na gharama ya ziada ikaishia kwenye pampu. Wakenya walikuwa wanalipia kiwanda chao kwa njia mbili, kama wenye hisa na kama wateja. Julai 2009 Shell, BP na Chevron waliiuzia Essar ya India nusu yao ya kampuni kwa dola milioni 7. Bei hiyo ilisema wazi walichokifikiria kuhusu mali yenyewe. Essar iliahidi kukifanya kiwanda upya, hesabu za kisasa zikaonyesha kwamba fedha hazingerudi, na mwaka 2013 ikatangaza kwamba inatoka. Septemba mwaka huo moto ukazimwa. Serikali iliilipa Essar dola milioni 5 mwaka 2016 ikabaki na kiwanda kizima, yaani matangi.

Lawama ya bei, hata hivyo, haikukaa sokoni muda mrefu. Wananchi waliona kwamba bei duniani ikipanda pampu inapanda kesho, na ikishuka pampu inasubiri. Desemba 2010 Tume ya Kudhibiti Kawi ilianza kutangaza bei ya juu kabisa kila mwezi, tarehe 14, ianze kutumika usiku wa manane. Tangu hapo kila mwezi nchi nzima hungoja tangazo hilo, na foleni hujipanga vituoni pindi uvumi ukisema itapanda. Bei ikawa tena jambo la serikali, safari hii hadi senti ya mwisho, na ndani yake tozo zikaendelea kuongezeka: ushuru wa bidhaa, wa barabara, wa maendeleo ya petroli, wa reli, wa uagizaji. Mwenye kupekua fomula anakuta kama tisa.

Uliokosekana ni VAT, ushuru wa ongezeko la thamani. Sheria ya VAT ya 2013 ilisema mafuta yangesamehewa kwa miaka mitatu, kisha yalipe asilimia 16 kama bidhaa nyingine. Mwaka 2016, uchaguzi ukikaribia, muda ukasogezwa hadi tarehe 1 Septemba 2018. Wabunge waliousogeza walijua fika kwamba wangekuwa wameshachaguliwa. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lililokuwa limeipa Kenya dhamana ya dola bilioni 1.5, lilitaka ushuru huo uanze. Nchi ilikuwa imekopa kwa ajili ya reli ya SGR na miradi mingine, na Hazina ilikuwa inatafuta kila shilingi.

Kwa hiyo Septemba 2018 haikumkuta mtu usingizini. Tarehe 30 Agosti, siku mbili kabla, Bunge la Kitaifa liliupitisha Mswada wa Fedha ukiwa na kifungu kipya: VAT ya mafuta iahirishwe kwa miaka mingine miwili. Rais alikuwa katika wiki ya ziara na wageni. Alikuwa ametoka Washington, Waziri Mkuu wa Uingereza, Theresa May, alikuwa Nairobi, na Beijing ilikuwa inamsubiri. Mswada haukutiwa sahihi, na mswada usiotiwa sahihi si sheria. Sheria ya 2013 ikaanza kufanya kazi kama saa iliyotegwa. Usiku mmoja petroli ya Nairobi ilitoka Sh113.73 ikafika Sh127.80. Wasambazaji wadogo wa mafuta waligoma kuchukua bidhaa boharini, na ndani ya siku chache vituo vingi vikakauka. Nauli za matatu zikapanda. Mahakama Kuu ya Bungoma ikasimamisha ushuru, pampu hazikusikia.

Tarehe 14 Septemba Rais alilihutubia taifa. Alikataa mswada ulioahirisha ushuru, lakini hakuitetea asilimia 16 pia: alipendekeza 8. Ulikuwa ufundi wa kisiasa ambao mtu hana budi kuustahi hata akiuchukia. Katiba inasema Bunge likitaka kuyapinga mapendekezo ya Rais ni lazima lipate thuluthi mbili ya wabunge wote, yaani 233 kati ya 349. Mbunge hakulazimika kumuunga mkono Rais kwa sauti. Kutofika bungeni kulitosha. Isitoshe, ulikuwa mwaka wa salamu za maridhiano kati ya Rais na Raila Odinga, na kinara huyo wa upinzani aliwataka wabunge wake wakubali asilimia 8. Upinzani uliokuwa na kazi ya kupiga kelele haukuwa na mwenye kuuongoza.

Kikao cha tarehe 20 Septemba Wakenya walikitazama moja kwa moja kwenye runinga. Wabunge walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na ulipofika wakati wa kupiga kura kwa sauti, waliokataa ushuru walisikika wazi kuwa ndio wengi. Wakaimba, wakapiga meza, wakataka kura ihesabiwe. Kiti kikaamua kwamba waliokuwemo hawakufika idadi ya kuyaangusha mapendekezo ya Rais, na basi yamepita. Kukazuka zogo. Kesho yake, tarehe 21, Rais alitia sahihi. Ukihesabu koo zilizopiga kelele ukumbini siku ile, ushuru ulishindwa; ukihesabu viti vyote 349, vikiwemo vilivyokuwa vitupu, ulishinda. Mbunge yeyote aliweza kurudi kwa wapiga kura akaapa kwamba alikataa, na asiwe ameongopa.

Katika sheria hiyo hiyo kulikuwa na kifungu kilichopita karibu bila kelele, na mimi nakiona kuwa kizito kuliko VAT yenyewe. Mafuta ya taa yalikuwa yakitozwa kidogo kuliko dizeli, na walanguzi walikuwa wanayachanganya na dizeli na kuweka tofauti mfukoni. Injini za malori zilikuwa zikifa, na dizeli chafu ilikuwa ikivuka mpaka. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei zilingane na biashara ya kuchanganya ikose maana. Dawa ilifanya kazi. Lakini aliyekuwa ananunua nusu lita ya jioni kwa ajili ya stovu huko Mukuru au Kisauni hakuwahi kuchanganya dizeli ya mtu. Aliadhibiwa kwa kosa la mwenye lori, na mauzo ya mafuta ya taa yaliporomoka. Waliokuwa na uwezo wakahamia gesi, waliokosa wakarudi kwa makaa na kuni.

Na Turkana? Malori yaliyopungiwa bendera Juni yalisimamishwa barabarani kabla mwezi kwisha. Wakazi wa Turkana Kusini waliziba njia wakidai usalama, kazi na mgao wao, na hayakusonga tena hadi Agosti. Mgao uliokubaliwa wakati huo ulikuwa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii. Rais Mwai Kibaki alipotangaza ugunduzi wa kisima cha Ngamia 1 Machi 2012, pipa duniani lilikuwa limepita dola 100. Mwishoni mwa 2014 bei ilianguka, na shauku ya wawekezaji nayo. Hata hivyo, Agosti 2019 meli ya Celsius Riga ilipakia zaidi ya mapipa 200,000 Mombasa. Mnunuzi alikuwa ChemChina, kwa dola milioni 12. Picha zilikuwa nzuri. Mwezi ule Kenya iliuza mafuta ghafi na kuagiza kila tone la petroli iliyotumia. Tullow, kampuni iliyogundua mafuta hayo, iliuza mali zake za Kenya mwaka 2025 kwa Gulf Energy, kampuni ya papa hapa nyumbani.

Miaka iliyofuata ilipita kwa kasi. Julai 2020, janga la korona likiwa limeziangusha bei duniani, ushuru wa maendeleo ya petroli ulipandishwa kutoka senti 40 hadi Sh5.40. Walioupandisha walisema utakuwa akiba ya kupoza bei siku za dhiki. Ulitumika hivyo kuanzia 2021, ingawa mabilioni mengine yalielekezwa kwenye gharama za SGR. Kisha ikaja vita ya Ukraine. William Ruto, aliyeingia Ikulu kwa jina la mama mboga na mwanabodaboda, aliondoa ruzuku ya petroli siku chache tu baada ya kuapishwa Septemba 2022. Bei ilitoka Sh159.12 ikafika Sh179.30. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha VAT ya mafuta kwenye asilimia 16, zile zile zilizoshindikana 2018. Mahakama Kuu iliisimamisha sheria hiyo tarehe 30 Juni, na usiku ule ule bei mpya zikatangazwa zikiwa na ushuru kamili. Septemba 2023 petroli ilivuka Sh200 Nairobi kwa mara ya kwanza: Sh211.64.

Mwaka huo huo dola zilikuwa zimeadimika, na serikali ikaingia mkataba na Aramco ya Saudi Arabia pamoja na ADNOC na ENOC za Emirates, mafuta yaje kwa mkopo wa siku 180. Lengo lilikuwa kuipa shilingi nafasi ya kuvuta pumzi. Uganda, iliyokuwa ikipitishia Kenya takriban asilimia 90 ya mafuta yake, haikufurahia kununua kupitia kampuni zilizochaguliwa Nairobi. Rais Museveni alilalamika hadharani kuhusu madalali, serikali yake ikaingia mkataba na Vitol, na Desemba 2023 ikaishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Walipatana mwaka 2024, na tangu Julai shirika la mafuta la Uganda linajiagizia lenyewe. Bomba la mafuta ghafi la Uganda lilikuwa limeshapewa njia ya Tanga tangu 2016, kilomita 1,443, likiikwepa Kenya kabisa. Wanaouliza kwa nini Kampala haikuchagua Lamu, bandari ya Kenya, wataje sababu zote za usalama na gharama, kisha wakumbuke pia yale malori ya 1976.

Juni 2024 vijana waliingia Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha, watu waliuawa kwa risasi, na tarehe 26 Rais akauondoa mswada mzima. Wiki chache baadaye ushuru wa barabara ulipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Haukuhitaji mswada, kanuni ya waziri ilitosha.

Hizo Sh7 zilizoongezwa hazikuchukua muda kupata kazi. Makandarasi wa barabara walikuwa wakiidai serikali mabilioni, miradi mingi ikiwa imesimama, na mwaka 2025 serikali iliamua kuyauza mapato ya Sh7 hizo kwa wawekezaji ili ipate Sh175 bilioni za kuwalipa. Madeni ya jana yamelipwa kwa petroli ya miaka ijayo. Wakati huo huo bodaboda za umeme zimeanza kuzoeleka Nairobi, zikichaji kwa mvuke wa Olkaria, na mwenye kuendesha moja hupita juu ya lami ile ile bila kuchangia hata senti ya ushuru wa barabara. Serikali inazisifu katika kila mkutano wa tabianchi. Waliozinunua zile Sh7 wanahitaji lita ziendelee kuuzwa.